Sensa ya Mwalimu wa Kwaya

Kabla sijamweleza Mwalimu, acha nianze na upuuzi wangu, maana mtaa wetu wote wa Mabatini hapa Mwanza unaujua na nikiuruka mtasema naficha. Mimi ndiye niliyetangaza kifo cha Mwalimu. Kwa maandishi. Kwa ndugu zake wote, siku ya Jumapili, yeye akiwa amejilaza zake baada ya ibada, tumbo limejaa ndizi.

Sikukusudia. Binti yake, Dada Editha, anayefundisha chuo Dar es Salaam, alikuwa amekuja kumfungia baba yake vile visanduku vyeupe vya kumwangalia mzee anayeishi peke yake. Kimoja mlangoni, kimoja jikoni, kimoja chooni, utepe chini ya godoro unaosikiliza anavyopumua, na bangili ya mkononi ya kupima mapigo ya moyo na kujua kama anatembea au ameanguka. Vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe bila waya, halafu kisanduku kikubwa chenye laini ya simu kinakusanya umbea wote na kutuma ujumbe. Shida ilikuwa Kiswahili cha huo ujumbe. "Mtumiaji yuko katika hali tuli." Nani ataelewa? Dada Editha akaniona nimekaa kizembe ukutani kwetu, nyumba ya jirani, akaniambia, "Masanja, wewe uko kidato cha tatu. Hebu niandikie hizi kwa Kiswahili cha watu."

Nikaandika. Akiamka: "Mwalimu ameamka salama." Akitoka nje: "Mwalimu ametoka." Akijilaza: hapo nikafikiri sana. "Amelala" nililiogopa, maana lina mambo yake. Nikatafuta neno la heshima zaidi.

"Mwalimu amepumzika."

Mwanawe wa kiume aliyeko Bukoba aliposoma hayo, alikaa chini. Kisha akayatuma kwenye kundi la kwaya kama yalivyo, akaongeza tu, "Poleni wote." Chai ya jioni haijaiva, tayari kuna turubai mbele ya nyumba, masufuria ya kukodi, mchele umeshapakuliwa kwenye pikipiki, na akina mama wamekaa kwenye mikeka wanalia kwa kupokezana. Hakuna aliyeingia ndani. Wote walikuwa wanamsubiri mchungaji. Kwaya ikajipanga chini ya dirisha la chumba chake, ikaanza wimbo wa maombolezo.

Mlango ukafunguka. Mwalimu huyo, na singlendi, na miwani kwenye paji la uso.

"Sauti ya tatu!" akafoka. "Mmeshuka! Mnanizika au mnanishusha?"

Mama mmoja wa sauti ya pili akazimia palepale, na yeye hakuwa na bangili. Mwalimu hakuuliza kwa nini kuna turubai. Hakuuliza nani kafa. Alisimama kwenye ngazi, akanyanyua mikono, akawarudisha mwanzo, wakaimba maombolezo yake mpaka sauti ya tatu ikakaa mahali pake. Ndipo akasema, "Sasa mnaweza kuniambia kuna nini."

Huyo ndiye mtu ambaye nimepewa kumchunga.

Yeye hakuwahi kuviita visanduku hivyo vihisi, jina alilotumia Dada Editha. Sisi mtaani tulisema sensa, na yeye akalidaka neno hilo akalifanya ugomvi. "Sensa ilishapita," alimwambia binti yake mbele yangu. "Karani alikuja, akanihesabu, nikatoka mtu mmoja. Sasa hii ya kunihesabu kila ninapokwenda chooni ni ya serikali gani?"

"Baba, ni kwa ajili ya afya yako."

"Afya yangu iko hapa ndani. Wewe unatafuta ukutani."

Nyumba yake imejengwa katikati ya mawe, kama zetu zote za huku juu, na choo chake kiko nyuma ya jiwe kubwa kuliko nyumba. Mawimbi ya zile mashine hayapiti kwenye jiwe. Kwa hiyo kila Mwalimu alipokwenda haja, watu Dar na Bukoba walipata habari kuwa "Mwalimu haonekani." Ikabidi kisanduku kingine kifungwe kwenye ukuta wa jiko letu ili kipokee kutoka chooni na kuzungushia kwenye nyumba yake. Hivyo ndivyo sisi tulivyoingia kwenye mkumbo. Mama yangu, anayekaanga sato na kuuza pale barabarani, akawa anapokea taarifa za choo cha jirani huku anageuza samaki.

Baada ya yale mazishi yasiyo na maiti, watoto wake walifanya kikao kwa simu. Yule wa Bukoba alitaka baba aondoke Mwanza mara moja, akakae na Editha Dar. Mwalimu akakataa. Wakabishana wee, mwishowe wakakubaliana hivi: mashine zikimwona salama mpaka Pasaka, anabaki nyumbani kwake na hakuna atakayemsumbua tena. Akianguka hata mara moja, anahama. Mwalimu alikubali kwa sababu Pasaka ndiyo siku ambayo kwaya yake huimba kuliko siku zote, na alijua binti yake hawezi kumtoa kabla ya hapo bila fujo. Nami nikapewa kazi: bangili ikisema ameanguka, ujumbe unakuja kwanza kwenye simu yangu. Nikimbie, nimtazame, kisha nibonyeze Thibitisha au Batilisha. Nisipobonyeza chochote, ujumbe unaendelea wenyewe mpaka Dar.

Sikujua kwamba nimejiuza.

Kwa sababu Mwalimu huanguka kila siku akiwa amesimama. Anapokata mwisho wa wimbo, mkono wa kulia hushuka kama panga, na bangili, ambayo haijui muziki, hudhani mzee wa watu ameporomoka. Nilikuwa nafua sare, simu inalia: "Mwalimu ameanguka." Naruka mawe, nafika nahema, namkuta peke yake sebuleni anaongoza viti.

"Mwalimu, vua hiyo bangili ukiwa unaongoza."

"Sivui. Ijifunze."

Nabatilisha, narudi, sijafika kwenye beseni: "Mwalimu ameanguka." Ubeti wa pili umeisha.

Na kahawa. Ni mtu wa Kagera, hilo atakuambia mwenyewe kabla hujamaliza kumwamkia, na hutafuna buni zilizokaushwa kutoka kwenye kikopo kama sisi tunavyotafuna karanga. Daktari alimkataza. Yeye akahamishia kikopo ndani ya kinanda kibovu, akidhani mashine haitajua. Mashine haikuona kikopo, iliona moyo: "Moyo wa Mwalimu unakwenda mbio." Binti anapiga simu kutoka Dar, baba anajibu mdomo umejaa, "Nimewaza jambo la kusisimua."

Sauti ndiyo kila kitu kwake. Ukimwamkia shikamoo, haitiki mpaka ikae sawa. "Umeanzia chini mno. Rudia." Nimewahi kusimama mlangoni kwake na ndoo ya maji kichwani, naimba shikamoo kama mwanakondoo, wasichana wa jirani wanakufa kwa kucheka, ndipo akasema "Marahaba" na kuniruhusu kupita. Honi ya meli bandarini anajua iko wapi kwenye do-re-mi. Mashine ya kusaga ya Mabatini anasema inaimba vizuri kuliko waimbaji wote wa besi wa kwaya ya Buhongwa. Sasa kisanduku chake kikubwa kilikuwa na mlio wa kuonya betri ikiisha, na mlio huo, Mwalimu alisema, haukuwa fa wala so.

"Uko katikati," aliniambia kwa uchungu, kama mtu anayeumwa jino. "Hauko popote. Mtu ataishije na kitu kisicho popote?"

Akakitumbukiza kwenye pipa la unga. Siku nzima watu walipata habari kuwa Mwalimu haonekani, na mimi nikatafuta nyumba nzima nikapata kisanduku kimekuwa cheupe zaidi. Dada Editha akashindwa kubishana, akabadilisha mlio ukawa noti ya la, safi kabisa. Baada ya hapo mzee akaacha kukificha. Tukikaa mazoezini hapo kwake, anasubiri kipige mlio, halafu anasema, "Chukueni hapo," na kwaya nzima inaokota sauti kutoka kwenye mashine ya wagonjwa.

Sisi Wasukuma alituonea sana kwa l na r. Kuna wimbo una "mahali pema", na kwaya yetu ikiachiwa inaimba "mahari pema" kwa moyo wote. Mwalimu alisimamisha mazoezi. "Mnakwenda kwenye mahari? Huko mbinguni mnapeleka ng'ombe wangapi?" Lakini yeye mwenyewe akikasirika kabisa, ulimi unarudi kwao: "Rakini ninyi vijana!" Hapo hakuna aliyethubutu kucheka. Mimi nilicheka mara moja. Nikahamishwa kutoka sauti ya nne kwenda kubeba viti.

Na neno lake kubwa lilikuwa moja: "Kuanza kila mtu anaweza. Nani anajua kukata?" Alilisema kwa wimbo, kwa mahubiri marefu, kwa mama yangu anapomimina mafuta kwenye kikaango, hata kwa mwanaume mmoja wa mtaani aliyekuwa anagombana na mkewe hadharani.

Kilichonichosha zaidi ni mlango. Mwalimu ana simu. Ana mdomo uliowahi kujaza kanisa bila kipaza sauti. Mlango wake wa nyuma unatazamana na wa kwetu. Akinihitaji, haniiti. Anafungua mlango na kuufunga, kufungua na kufunga, simu yangu inapiga mfululizo: "Mlango umefunguliwa. Mlango umefungwa. Mlango umefunguliwa." Nikifika anashangaa.

"Aa, umepita?"

"Mwalimu, umenifungulia mlango mpaka betri ya simu imeisha."

"Mimi? Nilikuwa naingiza hewa. Lakini kwa kuwa umeshafika, kaa hapo. Sikiliza huu mstari, uniambie sauti ya pili inapumulia wapi."

Sijui sauti ya pili inapumulia wapi. Nilikuwa nakaa.

Ile Jumamosi iliyoharibu kila kitu, kwaya ilikuwa na mazoezi ya Pasaka mchana. Asubuhi mimi niko nje napaka viatu rangi, simu ikalia: "Mwalimu ameanguka." Sikuinuka. Ni nani angeinuka? Nikamaliza kiatu cha kushoto. Halafu nikakumbuka sijasikia akiimba. Mwalimu haongozi bila kuimba sauti zote nne kwa zamu, na huko kwake kulikuwa kimya.

Nilimkuta nyuma ya jiwe, kwenye njia ya chooni, amekaa chini mguu mmoja umekunjika upande usiokunjikia. Miwani iko mbali. Aliponiona akaweka uso wa mtu aliyeketi kwa hiari.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakunirudisha mwanzo. "Marahaba. Nilikuwa natazama sisimizi."

"Umeanguka."

"Nimekaa ghafla."

Simu mkononi mwangu ilikuwa inatetemeka: Thibitisha, Batilisha. Aliitazama kama mtu anavyotazama nyoka.

"Kijana," akasema, na sauti ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia. "Ukibonyeza hiyo ya kwanza, nakwenda kukaa ghorofani Dar, naangalia ukuta wa jirani, na watu hawa wataimba Pasaka na mtu anayepiga makofi kuhesabu. Bonyeza ya pili. Tafadhali."

Mwalimu kusema tafadhali! Nikabonyeza Batilisha.

Nikamburuta mpaka ndani, nikamfunga mguu kwa kitenge. Mchana aliongoza kwaya akiwa amekaa, akawaambia leo anataka kuwasikia bila kuwaona, akafumba macho. Wote wakasema, mnaona alivyo mtu wa kina. Mimi niliona jasho.

Jumapili hakwenda ibada, akawatumia waumini habari kuwa ana mafua. Jumatatu mguu ulikuwa umevimba kama gogo na hawezi kuteremka kitandani. Sasa mashine zikaanza kulalamika kwamba Mwalimu hatembei, na Dada Editha akaanza kupiga simu. Mzee akavua bangili, ambayo hakuwahi kuivua hata kwa maombi, akanipa.

"Nitembeze," akasema.

Nikaivaa, na ule utepe wa chini ya godoro nikauchomoa usitusengenye. Nikamtembeza Mwalimu uani kwake, nikamtembeza uani kwetu, nikampeleka jikoni, nikamkalisha. Ujumbe ukaenda: "Mwalimu anatembea vizuri." Dada Editha akamwandikia mama yangu kwa furaha, "Jamani baba ana nguvu kuliko mimi!" Nilijiona fundi. Kila nilipotoka shule nilibeba uji chini ya shati, nikampa, nikavaa bangili, nikamtembeza. Nilimwambia twende hospitali. Nilimwambia zaidi ya mara moja, kwa adabu na bila adabu.

"Baada ya Pasaka," alijibu.

"Mguu hauijui Pasaka, Mwalimu!"

"Rakini wewe ni daktari?"

Sasa, mimi ni mtu wa kusahau. Siku ya tatu ya kumtembeza nilisahau bangili mkononi, na wenzangu wakaja uani na mpira. Tukacheza. Wakati huohuo mama, ambaye alishaanza kujiuliza uji wake unakwenda wapi, alichukua kipande cha sato na ugali akampelekea Mwalimu mwenyewe. Akaingia mpaka chumbani. Akafunua shuka. Akaona mguu. Alikuwa bado ameshika shuka hilo, mzee amelala mbele yake hawezi kujigeuza, simu yake ikalia kwenye kanga:

"Mwalimu anakimbia."

Mama hakupiga kelele. Alitoka mpaka kwenye lile jiwe, akasimama juu, akanitazama nikiwa katikati ya kupiga chenga. Nikatazama mkono wangu. Mpira ukanipita.

Hospitali walisema nyonga imepata ufa, na kwamba kila siku aliyolala nayo vile ilikuwa siku ya kuiharibu. Hilo daktari alilisema akinitazama mimi, sijui nani alimwambia. Dada Editha alifika na ndege ya kwanza. Nilisema "Shikamoo, Dada," akaitikia bila kunitazama, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko fimbo. Kaka yake wa Bukoba alinitukana kwenye simu ya dada yake, mbele ya watu, na kila alichosema kilikuwa kweli.

Siku aliyotolewa hospitali walimpitisha kwetu kwanza, maana njia ya kwake ina mawe na yeye alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Begi lake la kwenda Dar lilikuwa limeshafungwa. Alikaa sebuleni kwetu mguu umenyooka mbele, na mikono yote miwili imelala mapajani, haifanyi chochote. Mikono ile ndiyo iliyonitisha.

Nikapiga magoti. "Shikamoo, Mwalimu. Nisamehe."

"Marahaba. Ulikimbia," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mtu wa umri wangu anakimbiaje? Nilikwambia unitembeze. Ungenitembeza taratibu tungefika Pasaka." Kisha akamgeukia binti yake. "Huyu usimlaumu. Mimi ndiye niliyemwambia abonyeze. Nilimwomba, na yeye hajazoea kuombwa."

Dada Editha akajifuta macho kwa ukingo wa kanga. "Baba, nitakuachaje? Nikuache na nani? Mashine zenyewe zinadanganywa na mtoto wa shule. Kule nyumbani kwako huwezi hata kufika chooni. Waitu, mzee wetu, niambie, nikuache na nani?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mwalimu aliulizwa swali akakosa pa kuanzia.

Mama yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, uma wa kugeuzia samaki mkononi. Alimtazama Editha, akamtazama mzee, akatazama lile begi. Akaja akalichukua, akapita nalo mbele yetu sote mpaka chumbani kwangu, tukasikia likitua kitandani. Akarudi mlangoni, na aliyoyasema aliniambia mimi, wala si wao:

"Toa nguo zako humo. Mwalimu anahamia leo, wewe utalala hapa sebuleni na baiskeli. Na akikuita, unaitika kwa mdomo, siyo kwa simu."